Ukimya wa Taa Nyekundu

Hivi, mtu anaweza kusema uongo bila kufungua mdomo? Swali hili tulilibishania jioni tatu mfululizo pale kijiweni kwetu, mpaka muuza kahawa akatishia kuhama. Wengine walisema uongo ni neno, na pasipo neno hapana uongo. Ukinyamaza umenyamaza tu, basi. Mimi nilikuwa upande wa pili. Lakini kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na mimi sina, ndo maana nimeamua kuja kuumalizia ubishi huu kwenye karatasi ambako hakuna wa kunikatiza.

Nikujulishe kwanza, msomaji, nasema kutokea wapi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kuangaliwa mara moja tu. Usiku naandika riwaya ambayo imefika sura ya tisa na imegoma hapo. Mchana namsaidia mjomba wangu, fundi umeme wa magari, chini ya mwarobaini mmoja huku Temeke. Ni gereji bubu, kama watu wa jiji wanavyoziita, ingawa sijui ububu wake uko wapi maana kutwa ni kelele. Najua wapo washkaji wanaotaka uandishi na wanaitafuta falsafa kwenye vitabu vizito. Sawa, watafute, hata mimi navisoma. Ila kwa swali hili nililolitaja, jibu nililikuta nyuma ya dashibodi, kwenye vumbi na mayai ya mende.

Tuanze na jambo ambalo wenye magari wengi hawalitilii maanani ingawa wanalifanya kila asubuhi. Ukiingiza ufunguo na kuuzungusha hadi pale kabla ya kupiga stata, taa zinawaka: ya oili, ya chaji, ya breki kama hendibreki imevutwa, na kwenye magari yenye kompyuta ya injini inawaka na ile ya njano yenye picha ya injini. Injini ikishika, zinazima. Watu hudhani ule mwako wa mwanzo ni mbwembwe za Mjapani. Hapana. Gari linakuonyesha ulimi wake. Linakwambia: uwezo wa kusema ninao, kwa hiyo nikinyamaza ujue nimenyamaza kwa kuwa sina la kusema.

Chukua taa ya oili. Kwenye injini kuna swichi ndogo iliyochomekwa kwenye njia ya oili. Injini ikiwa imezimwa hakuna presha, swichi inaugusisha waya kwenye chuma cha injini, yaani kwenye ethi, umeme unapita, taa inawaka. Injini ikiamka, pampu inasukuma oili, presha inaiachanisha swichi, taa inazima. Presha yenyewe inayotosha kuizima ni ndogo sana, pungufu ya robo ya upepo wa tairi. Kwa hiyo taa ile haikuambii kwamba oili yako ni nzuri. Inakuambia tu kwamba hujafa bado.

Ya chaji ndo inayonifurahisha zaidi. Kwenye magari mengi ya kizamani globu yake imekaa katikati ya pande mbili: huku betri, huku alteneta. Ukifungua ufunguo, upande wa betri una umeme na upande wa alteneta hauna, basi umeme unakimbilia kule kutupu kwa kupitia kwenye globu, globu inawaka. Alteneta ikianza kuzalisha, pande mbili zinalingana. Hakuna anayemdai mwenzake, umeme hauna pa kukimbilia, globu inazima. Yaani lile giza la globu ni usawa! Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliacha kazi nikaenda kukaa pembeni. Na yapo magari ambayo umeme mdogo unaopita kwenye globu hiyohiyo ndo unaoiamsha alteneta. Globu ikiungua, alteneta inaweza kuzunguka safari nzima isichaji kitu. Kumbe mleta habari naye alikuwa mfanyakazi.

Zamani magari yalikuwa na mita zenye mishale kwa kila jambo. Kampuni ya Hudson ya Marekani ni miongoni mwa zilizotangulia, katika miaka ya 1930, kuweka taa mahali pa mita za oili na chaji. Wamarekani wenyewe wakazipa taa hizo jina la dharau ambalo maana yake ni taa za wajinga, kwa sababu hazimtaki dereva ajue kusoma kitu. Mimi jina hilo silipendi. Mita unaisoma, taa unaiamini. Anayeamini si mjinga, ila ameweka shingo yake mikononi mwa mwingine, na hapo ndipo maadili yanapoingia.

Nirudi kwenye ubishi wetu. Rafiki yangu mmoja anayesoma chuo aliniazima kitabu cha Cicero, Mroma aliyekiandika mwaka 44 kabla ya Kristo akimwelekeza mwanawe aliyekuwa masomoni Athens. Kitabu kinahusu wajibu. Kina sehemu tatu, na katika ya tatu kuna kisa cha mfanyabiashara aliyetoka Alexandria, Misri, na meli ya nafaka akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Nafaka imepanda bei vibaya. Yeye anajua kwamba nyuma yake zinakuja meli nyingine zimesheheni. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa?

Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu ni Diogenes wa Babeli (siye yule wa kukaa ndani ya pipa, huyu ni mwingine). Mwanafunzi ni Antipater wa Tarsus, mji uleule ambao baadaye alizaliwa Mtume Paulo. Antipater anashika kwamba muuzaji aseme yote, mnunuzi asibaki gizani kwa jambo ambalo muuzaji analijua. Diogenes anashika kwamba muuzaji ataje tu kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na asiseme uongo. Mengine si lazima, kwa sababu kutosema ni kitu kimoja na kuficha ni kitu kingine. Kisha wanahamia kwenye nyumba inayouzwa: mwenyewe anajua mbao zimeoza na nyoka wanaonekana katika kila chumba, na hakuna mwingine ajuaye. Anyamaze? Diogenes anaona hata hapo anyamaze, kwani nani alimlazimisha mtu kununua? Cicero mwenyewe mwisho anaegemea kwa Antipater.

Nilipomaliza kusoma nikajiambia, hawa wazee walihangaika bure. Wangekuwa na dashibodi!

Maana kwenye nyumba na nafaka ubishi ni mgumu kweli. Nyumba hainyamazi wala haisemi, ni nyumba tu. Muuzaji akifunga kinywa chake ameacha mambo yalivyo. Lakini gari lina kinywa chake, tena kilichotengenezwa makusudi kimwambie anayekaa kwenye usukani, awe ni nani. Muuzaji akikaa kimya huku taa ya chaji inawaka nyekundu mbele ya mteja, hapo namkubalia Diogenes nusu: kanyamaza, ila hajaficha. Mteja ana macho. Akiing'oa globu, habari inageuka kabisa. Sasa ukimya wa taa unasoma "alteneta inachaji", na aliyeiandika sentensi hiyo ni yeye, kwa bisibisi.

Haya si mambo ya kufikirika. Siku moja dalali mmoja, jina tuliache, alimletea mjomba Corolla ya mwaka 1993, ile ya AE100, nyeupe, imepigwa polishi mpaka nzi wanateleza. Taa ya chaji inawaka. Mjomba hakurupuki. Alifungua boneti, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona haujalegea, akabandika mita kwenye betri. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, alteneta nzima huipandisha hadi 13.8 au 14.4 hivi. Ile ilisoma 12.2 injini ikinguruma, na taa kubwa zilipowashwa ikaanza kuteremka kama bei ya nyanya jioni sokoni. Mjomba akagonga mgongo wa alteneta kwa mpini wa bisibisi. Mita ikaruka hadi 13.9, taa ikazima, zikapita sekunde chache, mambo yakarudi yalivyokuwa.

"Kaboni," akasema.

Kaboni ni vijiti viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya alteneta. Vikiwa vipya vina urefu wa kama sentimita moja. Vinasagika polepole, mwaka kwa mwaka, hadi vinagusa siku vikitaka. Ni spea ya bei ndogo. Kazi kubwa ni kuifungua alteneta na kuchomea risasi, na mjomba alimwambia nusu siku itatosha.

"Nusu siku sina, mzee wangu," dalali akajibu. "Mteja anakuja saa kumi. We nitolee hiyo globu tu, nitakupa ya soda na nyongeza."

"Unataka nilitibu gari au nilizibe mdomo?"

"Aa, fundi, mbona unaniletea mambo ya msikitini? Mi simdanganyi mtu. Akiniuliza nitamjibu. Asiponiuliza, kwani mi mtangazaji wa redio?"

Masikio yangu sikuyaamini. Diogenes wa Babeli, kavaa yeboyebo, kasimama mbele yangu!

"Bwana mdogo," mjomba akasema, "lete alteneta nitaitengeneza. Globu sing'oi." Dalali akacheka, akaingia kwenye gari, akaenda hadi mti wa tatu kutoka kwetu. Nusu saa haikutimia akapita mbele yetu akipiga honi.

Hebu sasa tupige hesabu, wewe unayesema globu moja ni kitu gani. Taa kubwa mbili za mbele, wati 55 kila moja, ni wati 110. Ongeza taa za nyuma, za dashibodi, pampu ya petroli, umeme wa plagi na kompyuta ya injini, unakaribia wati 200. Gawanya kwa volti 12, ni kama ampea 16 au 17. Betri ya gari dogo lile ni ya ampea 45 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani utaendesha usiku saa mbili na nusu na ushee bila alteneta. Kwa hesabu ya barabarani, betri imechoka na feni ya rejeta inawaka na kuzima, ni pungufu ya hapo. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa kama 190, na foleni ya kutokea mjini unaijua. Ukiondoka saa moja usiku, betri inakuishia porini.

Ndivyo ilivyokuwa. Aliyelinunua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mkopo. Wiki ya pili akapata taarifa ya msiba Morogoro, akampakia mkewe na mtoto, wakaondoka jioni. Baada ya Chalinze aliona taa za mbele zinageuka rangi ya chai. Alidhani ni ukungu. Akatazama dashibodi: shwari, hakuna taa hata moja. Nataka uisome tena sentensi hiyo, msomaji. Alitazama dashibodi. Alifanya lile ambalo dereva mwangalifu anapaswa kulifanya, na dashibodi ikamjibu kwamba hakuna tatizo, endelea. Akaendelea. Kabla ya Mikese gari likakohoa, likazima, likasimama nusu kwenye lami, bila taa ya nyuma wala ya kuashiria hatari, na malori yanakuja. Mke na mtoto wakakimbilia kwenye nyasi. Yeye akavunja matawi ya miti akayapanga barabarani nyuma ya gari, kama desturi yetu ilivyo. Lori la pili lilipita likaondoka na kioo cha pembeni. Hakuna aliyeumia.

Yale matawi nimeyafikiria sana. Hayakuwekwa na kampuni wala na sheria. Mtu hamjui anayekuja nyuma, hatamwona usoni, hatalipwa kitu, lakini anavunja tawi ili asiyemjua apone. Na ni nchi hiyohiyo, huenda ni mtu huyohuyo siku nyingine, anayeng'oa globu. Mwenye kuweza kunieleza jambo hili na anieleze.

Gari likaletwa kwetu likiburutwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Si kwa kupangwa. Mwalimu anakaa mtaa wa pili na aliulizia fundi umeme akaelekezwa. Mjomba akafungua fremu ya dashibodi. Zile globu ndogo hukaa kwenye vishikio vya plastiki, unazungusha robo mzunguko kinatoka. Mahali pa taa ya chaji palikuwa tundu. Hata kishikio hawakuacha.

Sasa tazama alipofikia mjomba. Dalali yule, pamoja na vituko vyake, alikuwa anamletea magari matatu au manne kwa wiki. Mwalimu hajui lolote. Mjomba angeweza kusema, "Kaboni zimekwisha, mwalimu, na globu haipo," akatengeneza, akalipwa, mambo yakaisha. Kila neno hapo ni kweli. Badala yake akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, gari hili nilishawahi kuliona." Akamweleza yote, nani alilileta, siku gani, na nini kiliombwa.

Mwalimu akaenda kwa dalali. Jibu alilopewa akaja kutusimulia akitetemeka: "Kwani wewe uliniuliza?"

Toka siku ile dalali hajaleta hata baiskeli. Mke wa mjomba, ambaye ndo anayejua ada ya watoto inatoka wapi, alilisema jambo hili usiku tukiwa tunakula, wala hakupaza sauti. "Baba Asha, globu hukuing'oa wewe. Gari ulilitengeneza. Hayo mengine yalikuwa ya nini?" Mjomba akajibu, "Aliniuliza lilianza lini." Basi. Hakuongeza.

Mimi nasema mjomba alikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua kwamba mchuzi ulipungua na katika waliopunguziwa nimo. Lakini mke wa mjomba simwoni mjinga hata kidogo. Yeye haulizi kama ukweli ni mzuri, anauliza nani anaulipia. Wanafalsafa wa Cicero hawakuwa na swali hilo. Walibishana kuhusu muuzaji na mnunuzi, mtu wa tatu hayumo: yule fundi anayejua, ambaye hakuuza wala hakununua, na ambaye ukweli wake una bei anayolipa peke yake. Ningependa kusoma Antipater angemwambia nini mama huyu. Angeanza na karo au angeanza na Stoa?

Yapo mabishano niliyorushiwa kijiweni ambayo siwezi kuyaruka. La kwanza ni ukapa. Dereva teksi mwenye gari chakavu anadaiwa hesabu kila jioni. Abiria akiona taa nyekundu hapandi. Spea hana hela nayo mpaka apate abiria, na abiria hapati mpaka taa izime. Aing'oe? Nakiri hapa ulimi unakuwa mzito. Ila naona kitu kimoja: huyu anajua kilichoharibika, na mwili wake umo mlemle ndani ya gari pamoja na wa abiria. Hilo linapunguza uovu, haliufuti. Yule mama aliyekaa nyuma na mtoto hakukubaliana na hatari yoyote.

La pili lina nguvu zaidi: taa yenyewe si inasema uongo? Ni kweli, na hapa niwe mkali kidogo kwa waliokwishashangilia upande wangu. Taa haitaji ugonjwa. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani, alteneta ikiharibika daiodi zake, inawaka taa ya chaji pamoja na ya breki, na mtu anaenda kubadilisha breki zisizo na kosa. Au ethi. Waya mnene unaounganisha injini na bodi ukiliwa na kutu (na huku pwani chumvi haina huruma), umeme unatafuta njia za panya: unawasha indiketa, taa ya nyuma nayo inakonyeza, unapiga stata, waya wa kukanyagia mafuta unapata moto. Dashibodi inawaka kama harusi na hakuna kifaa hata kimoja kilichokufa. Ni ule mguu wa waya umeoza.

Hata ile ya njano. Kwenye Toyota za wakati ule unaunganisha vitundu viwili, TE1 na E1, kwenye kiboksi kilichoko chini ya boneti, kisha unafungua ufunguo na kuhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kimya, mbili: namba 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Siku hizi kuna vifaa vya kuchomeka, Marekani waliyalazimisha magari yawe na tundu la namna moja kuanzia ya mwaka 1996, na fundi wa kisasa anakusomea kwenye simu. Ila kosa la kusoma ni lilelile. Namba 22 haisemi sensa imekufa. Inasema umeme unaotoka upande ule haueleweki. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa plagi yake ina maji, inaweza kuwa panya kakata waya. Fundi wa kubahatisha ananunua sensa. Mjomba anachukua mita.

Kwa hiyo taa inayowaka bila ugonjwa ipo. Je, kuing'oa hiyo nako ni uongo? Nililifikiria sana nikaja kupata jibu kwenye kitu kidogo: tepu nyeusi. Wapo wenye magari ambao taa inawasumbua macho usiku, sensa hawajapata, basi wanabandika kipande cha tepu juu yake. Wenzangu waliona tepu na kung'oa ni mamoja. Si mamoja kabisa! Tepu inaonekana. Anayekuja kununua anaiona, anauliza, anaibandua kwa ukucha, na chini yake taa bado inasema. Mwenye tepu ameamua kutosikiliza yeye mwenyewe. Mwenye kung'oa ameamua kwa ajili ya watu wote watakaokaa kwenye kiti kile baada yake.

Tukiwa hapo, sisi tunaoandika nasi tusijifanye tuko nje ya gari. Mara ngapi tumepeana miswada na mshikaji, akarudisha siku ya pili, "Kali, mwanangu, kali sana," na sura ya nne ameirukia? Huyo hajasema neno baya. Ameng'oa globu. Unaenda na hadithi yako mpaka kwa mhariri ukiamini inachaji, inazima njiani na hujui kwa nini. Mimi sura yangu ya tisa nimempa mtu mmoja tu asome, yule muuza kahawa, kwa sababu ana sifa ya kutomsifu mtu. Kaniambia mhusika wangu mkuu anaongea kama tangazo la msiba. Imeniuma, lakini sasa najua pa kupeleka mita.

Limebaki jambo ambalo bado sijalimaliza na sitajifanya nimelimaliza. Kung'oa globu kuna udhaifu wake: mtu akifungua ufunguo na kuzihesabu taa, atagundua moja haikuwaka. Kwa hiyo wameibuka mafundi wa hatua ya pili. Hawang'oi. Wanaitenga taa ya oili na swichi yake, wanaiunganisha na waya wa taa ya chaji. Ukifungua ufunguo inawaka vizuri, injini ikishika inazima vizuri, na oili inaweza kwisha yote, beringi zikasagika, injini ikanoki, taa ile bado imetulia kama bibi harusi. Huku si kunyamaza tena hata kwa Diogenes. Hapa ulimi umeachwa mahali pake, umefundishwa maneno mengine. Na inahitaji akili na mkono mwepesi, fundi wa hivyo ni fundi hodari kuliko wengi ninaowajua, jambo ambalo linaniudhi zaidi ya uovu wenyewe.

Nilijiuliza kama niuandike ujanja huu hapa, maana kuueleza ni kuufundisha. Mjomba akaniambia, "Mjomba, wanaoujua wameshaujua. Wasioujua ndo wanaonunua magari." Basi nakuandikia wewe unayenunua. Fungua ufunguo usipige stata, hesabu taa zote. Halafu fungua boneti, tafuta swichi ya oili kwenye ubavu wa injini, chomoa waya wake, rudi utazame dashibodi. Taa ya oili inapaswa kuwa imezima. Kama bado inawaka, haimsikilizi anayepaswa kusikilizwa. Rudisha waya, funga boneti, mpe mwenye gari ufunguo wake, kisha muulize alilipeleka kwa fundi gani.